Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani

Ndugu wasikilizaji, leo nitaanza na habari ya daraja.

Kijijini alikozaliwa mama yangu kuna mto ambao wakati wa kiangazi mtoto huuvuka bila kulowa magoti, na wakati wa masika mtu mzima huusimamia ng'ambo akautazama tu. Daraja lake lilikuwa la magogo. Masika ya mwaka mmoja maji yakalichukua. Wazee wakachangishana nauli wakaenda mjini kumwona mbunge wao. Hawakumkuta. Mbunge huyo alikuwa pia kiongozi wa chama chake, na siku zile alikuwa anazunguka nchi kukijenga chama. Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Jioni ya siku ya pili wakamsikia redioni, yuko mkoa wa mbali, anawaonea uchungu watu wa huko kwa ubovu wa barabara zao.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wazee wale. Aliponisimulia kisa hiki hakuwa na hasira. Alisema hivi: "Mwanangu, sisi tumekuwa kama mke mkubwa. Maisha alianza na sisi, tulipokuwa tunalala juu ya mkeka. Sasa kapata, na kila akipita njiani anasema kwake ni kwetu. Lakini chakula halali kwetu."

Simtaji mbunge huyo wala chama chake, kwa sababu kisa hiki kingeweza kutokea katika majimbo mengi. Tena, kusema haki, bwana yule hakuwa mvivu. Alikuwa na kazi mbili ambazo kila moja ilimtaka mtu mzima, naye alikuwa mmoja. Nia yangu wiki hii ni kuitazama historia ya jambo hilo: kiongozi wa chama anapotakiwa na nchi nzima na wakati huohuo anatakiwa na jimbo lake, huwa inakuwaje? Na gharama ya kutokuwapo kwake hulipwa na nani?

Tufanye hesabu ndogo kwanza. Kampeni zetu huchukua takriban miezi miwili. Nchi yetu leo ina mikoa 31. Kiongozi akiupa kila mkoa siku mbili tu, siku 62 zimekwisha, na hapo hajapumzika, hajaugua, gari halijaharibika, wala hajakaa na wenzake kupanga mambo. Katika hesabu hiyo jimbo lake limepata nafasi gani? Limepata siku mbili za mkoa wake, na hizo agawane na majimbo mengine ya hapo. Wakati huohuo mpinzani wake jimboni halali. Yuko kwenye kata, yuko msibani, yuko harusini, yuko kwenye kijiwe cha kahawa, na kila anapofika anauliza swali moja tu: "Mwenzangu mmemwona lini?"

Majirani zetu wa Kenya walilikabili jambo hili kwa sheria, na sheria yao ina mafunzo mengi. Tangu nchi hiyo ilipokuwa Jamhuri mwaka 1964, katiba ilimtaka Rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa mbunge wa Gatundu. Rais Daniel arap Moi alikuwa mbunge wa Baringo ya Kati. Wakati wa chama kimoja sharti hilo halikumsumbua mtu. Rais alipita bila kupingwa jimboni kwake, akapita bila kupingwa katika urais, na shughuli ikaishia hapo.

Mambo yalibadilika baada ya Desemba 1991, vyama vingi viliporudi. Mwaka 1992, kabla ya uchaguzi, Kenya iliongeza sharti jingine: anayetaka urais apate walau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Kwa hiyo mlango wa Ikulu ukawa na kufuli tatu. Ya kwanza, upate kura nyingi kuliko wenzako. Ya pili, ukubalike katika mikoa mitano. Ya tatu, jimbo lako likuchague kuwa mbunge. Ukizitazama kwa makini, ndugu msikilizaji, utaona kwamba kufuli ya pili inamwambia kiongozi, "Ondoka nyumbani, nenda kwa wengine." Ya tatu inamwambia, "Rudi nyumbani upesi, wasije wakakutupa." Sheria moja, amri mbili, na kila moja inamvuta upande wake.

Basi tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura. Moi alishinda kwa asilimia zipatazo 36. Kenneth Matiba wa FORD-Asili alifuata, kisha Mwai Kibaki wa chama cha DP, kisha Mzee Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya. Wapinzani hao watatu kwa pamoja walikuwa na kura nyingi kuliko mshindi, lakini waligawanyika, na habari hiyo inajulikana. Isiyotajwa sana ni kwamba wote watatu, baada ya kushindwa urais, waliingia Bungeni. Matiba aliingia kwa tiketi ya Kiharu, Kibaki kwa tiketi ya Othaya, Odinga kwa tiketi ya Bondo. Mamilioni ya watu waliowapigia kura za urais hawakubaki bila msemaji. Jimbo, ambalo wakati wa kampeni lilionekana kama mzigo, lilikuwa ndilo godoro walilodondokea.

Ikawa hivyohivyo mwaka 1997. Moi alipata asilimia zipatazo 40 na Kibaki zipatazo 31. Raila Odinga, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu walifuata, na wote walirudi Bungeni, Raila kwa Lang'ata, Wamalwa kwa Saboti, Ngilu kwa Kitui ya Kati. Kibaki akawa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Kwa miaka mitano Wakenya walimsikia akiijibu serikali juu ya bajeti na madeni. Alipokuja kushinda urais mwaka 2002 hakuwa mtu aliyetolewa kabatini. Alikuwa ameonekana kazini siku zote. Na ikumbukwe kwamba katika kampeni hizo za 2002 alipata ajali ya gari mwanzoni mwa Desemba, akapelekwa London kutibiwa, na wenzake ndio waliozunguka nchi kwa niaba yake. Alirudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na tarehe 27 Desemba alishinda kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa hakika tukio hilo lina funzo lake: chama chenye watu kinaweza kufanya kampeni kubwa huku kiongozi amelala kitandani. Chama cha mtu mmoja kisingeweza.

Huo ndio uzuri wa sheria ile ya zamani ya Kenya. Ubaya wake ulikuwa upi?

Ubaya wa kwanza ni kwamba ilimfungia mlango mtu ambaye nchi ingependa kumsikia. Mwaka 1997 Profesa Wangari Maathai, ambaye baadaye, mwaka 2004, alipewa Nishani ya Amani ya Nobel, aligombea urais na pia ubunge wa Tetu. Aliukosa urais, akaukosa na ubunge. Miaka mitano baadaye aligombea Tetu peke yake, na watu walewale wakampa kura karibu zote. Mgombea alikuwa mmoja na jimbo lilikuwa moja. Mambo yaliyotofautiana ni mengi, hali ya siasa ikiwa mojawapo, lakini hilo la kugombea vitu viwili kwa mpigo halikosi kuwemo.

Ubaya wa pili ulionekana mwaka 2007. Raila Odinga alikuwa mgombea mwenye nguvu wa urais, na jimbo lake lilikuwa Lang'ata, jijini Nairobi, ambamo mna mtaa wa Kibera. Wapinzani wake walijua kwamba si lazima wamshinde Kenya nzima. Wakimshinda Lang'ata tu, urais umempotea hata kama nchi nzima imemchagua. Kwa hiyo jimbo hilo moja likapiganiwa kama vile ndilo Ikulu yenyewe. Siku ya kupiga kura alifika kituoni akaambiwa jina lake halionekani katika daftari, akaondoka, akarudi baadaye akapiga kura. Kiti cha Lang'ata alikihifadhi. Yaliyofuata baada ya matokeo ya urais kutangazwa ni msiba ambao Afrika Mashariki haijausahau. Lakini tujiulize: ni haki wakazi wa jimbo moja wawe na uwezo wa kuizuia nchi nzima isimpate mtu inayemtaka?

Ubaya wa tatu ni wa kimya kimya, na kwa maoni yangu ndio mkubwa. Kiongozi anayejua kwamba akipoteza nyumbani amepoteza kila kitu, atahakikisha nyumbani hapatikani mpinzani. Atataka jimbo liwe ngome. Na ngome, ndugu wasikilizaji, hujengwa kwa ukuta. Watu wa ndani huambiwa kwamba huyu ni wetu na wale wa nje wanamwonea wivu. Basi hata asipojenga daraja watampigia kura, maana kumnyima yeye ni kuwapa wengine. Hapo mke mkubwa hana tena pa kwenda kushitaki.

Wazo la kumtaka mkuu wa nchi awe na jimbo halikuzuka Nairobi. Nchi zetu ziliurithi mtindo huo kwa Waingereza, ambao Waziri Mkuu wao hutoka Bungeni, na kwao pia umewaumiza wengi. Mwaka 1945 Sir Archibald Sinclair, kiongozi wa chama cha Liberal na waziri katika serikali ya wakati wa vita, alishindwa jimboni kwake kaskazini kabisa mwa Scotland. Aliambulia nafasi ya tatu, na tofauti kati yake na aliyeshinda ilikuwa kura 61 tu. Chama hichohicho hakikusahau. Mwaka 1974 kiongozi wake mwingine, Jeremy Thorpe, ambaye katika uchaguzi uliotangulia alipona kwa kura 369, aliamua kutoondoka jimboni. Alikaa hukohuko Devon, na kila siku waandishi wa habari waliokusanyika London walizungumza naye kwa njia ya televisheni. Jimboni alishinda kwa zaidi ya kura 11,000, na chama chake kikapata kura zipatazo milioni sita nchini kote, ingawa viti vilikuwa 14 tu. Alikuwa na mitambo. Wengi wa viongozi wetu walikuwa na gari lenye vipaza sauti na barabara ya vumbi.

Sasa turudi kwetu. Tanzania ilichagua njia iliyo kinyume kabisa na ile ya Kenya. Kwetu, anayegombea urais haruhusiwi kugombea ubunge katika uchaguzi huohuo. Achague moja. Sheria yetu inamwambia kiongozi: ukitaka bahari kuu, choma mtumbwi wa pwani.

Niliiona maana yake kwa macho yangu mwaka 1995, uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo uliporudishwa mwaka 1992. Nilikuwa kijana, nimepanga foleni Temeke tarehe 29 Oktoba, na vifaa havikufika kwa wakati. Uchaguzi wa Dar es Salaam ukavurugika na ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Mtu aliyekuwa midomoni mwa watu kwenye foleni ile ni Augustine Lyatonga Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, na ambaye mwaka huohuo alihama CCM akaenda NCCR-Mageuzi. Matokeo yalipotangazwa, Benjamin Mkapa alikuwa na asilimia 61.8, na Mrema alikuwa na asilimia 27.8. Hizo zilikuwa kura zaidi ya milioni 1.8.

Lakini kura hizo milioni 1.8 hazikumpatia hata kiti kimoja cha kukalia. Bunge lilifunguliwa Dodoma, mbunge aliyechaguliwa kwa kura elfu kadhaa akaingia, na yule aliyekuwa wa pili katika Taifa zima akabaki nje. Angekuwa Mkenya, angeingia na kiti cha jimbo lake. Ilibidi asubiri uchaguzi mdogo wa Temeke wa mwaka 1996, na wana-Temeke wakampa.

Jambo hilo la Temeke linafaa tulitafakari. Mrema ni mwana wa Kilimanjaro. Temeke si kwao kwa maana ya makaburi ya babu zake. Walimchukua hivyohivyo. Wala hilo halikuwa jipya nchini. Mwaka 1958, katika uchaguzi wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, Mwalimu Julius Nyerere hakugombea kwao Musoma, katika Jimbo la Ziwa. Aligombea Jimbo la Mashariki, huko Morogoro, akashinda. Na Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka nchi kukijenga upya chama cha TANU. Aliona kazi mbili hazimwenei mtu mmoja kwa wakati mmoja. Aliachia moja ili aifanye vizuri nyingine, na aliachia kwa mtu aliyemwandaa. Desemba ya mwaka huohuo alirudi akiwa Rais.

Hapo ndipo penye shina la hoja yangu. Si kosa kiongozi kuondoka nyumbani. Swali ni: kamwacha nani?

Chukua mifano miwili ya chama kimoja. Mwaka 2005 Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA na mbunge wa Hai tangu 2000, aligombea urais. Sheria ikamtaka aliachie jimbo. Alizunguka nchi kwa helikopta, jambo lililokuwa geni, na watoto wakaikimbilia kila ilipotua. Alipata asilimia zisizofika sita za kura za urais. Na Hai? Hai ilichukuliwa na CCM. Kwa hiyo mwenyekiti alikaa nje ya Bunge miaka mitano, na chama chake kikapoteza kiti kilichokuwa mkononi.

Chama kile kikajifunza. Mwaka 2010 mwenyekiti hakugombea urais. Alirudi Hai akashinda, akawa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Aliyetumwa kwenye urais ni Katibu Mkuu, Dk. Wilbrod Slaa, mbunge wa Karatu tangu 1995. Dk. Slaa alipata kura zaidi ya milioni 2.2, akawa wa pili, na kama Mrema kabla yake akabaki bila kiti. Lakini Karatu haikupotea. Chama kilimsimamisha mtu mwingine hapo, naye akashinda. Mwaka 2015 walifanya tena vivyo hivyo: urais kwa Edward Lowassa, mwenyekiti Hai. Waliziachanisha kazi mbili, wakamgawia kila mtu yake.

Sisemi kwamba ufundi huo ni dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2020 CCM ilichukua karibu viti vyote vya majimbo, upinzani ukalalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki, na Mbowe wa Hai, Zitto Kabwe wa Kigoma Mjini na James Mbatia wa Vunjo, viongozi watatu wa vyama vitatu, wote wakatoka Bungeni kwa mkupuo. Upepo wa namna hiyo hauulizi nani alikaa jimboni na nani alisafiri.

Na hiyo Vunjo ina kisa chake. Mwaka 2015 walikutana hapo wenyeviti wawili wa vyama, Mrema wa TLP aliyekuwa mbunge tangu 2010, na Mbatia wa NCCR-Mageuzi aliyekuwa mbunge wa hapo kati ya 1995 na 2000. Mbatia alishinda. Mwaka 2020 wakashindwa wote wawili, kiti kikaenda CCM. Mzee Mrema, aliyefariki Agosti 2022, alianza na mamilioni ya kura za nchi nzima, akamaliza akipigania kata za nyumbani. Waswahili walikwisha kulisema hilo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ngamani nako, ukikawia kurudi, hukuta mtu ameshatandika mkeka wake.

Upande mwingine yuko Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, aliyegombea urais mara tano, yaani 1995, 2000, 2005, 2010 na 2020. Mchumi msomi, mwenye hoja za takwimu. Nadhani hata wasiompenda wangetaka kumsikia akiichambua bajeti ndani ya Bunge. Kila safari sheria ilimtaka achague moja, naye kila safari alichagua urais.

Kenya nayo ilifuata nyayo zetu. Katiba yake mpya ya Agosti 2010 iliondoa sharti la ubunge, na mtu hakuweza tena kugombea urais na ubunge pamoja. Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba hiyo ulifanyika Machi 2013. Raila akaachia Lang'ata, Uhuru Kenyatta akaachia Gatundu Kusini, Musalia Mudavadi akaachia Sabatia, Martha Karua akaachia Gichugu. Uhuru alishinda. Wengine wote, akiwamo Raila aliyepata kura zaidi ya milioni 5.3, wakabaki bila kiti. Hoja kubwa za upinzani zikahamia kwenye mikutano ya hadhara na, ilipofika 2016, kwenye maandamano ya barabarani kuhusu tume ya uchaguzi. Sitasema kwamba kukosa kiti ndiko kulikoleta maandamano. Nasema tu kwamba mtu mwenye watu milioni tano nyuma yake, ukimnyima kipaza sauti cha Bunge, atatafuta kingine.

Wakenya wenyewe waliliona tatizo hilo. Katika mapendekezo ya kurekebisha katiba yaliyojulikana kama BBI, mojawapo lilikuwa kwamba atakayekuwa wa pili katika urais aingie Bungeni kuwa Kiongozi wa Upinzani. Mapendekezo hayo yaliangukia mahakamani, na Mahakama ya Juu ikayazika Machi 2022. Marehemu Raila aligombea tena mwaka huo, akashindwa tena, na akakosa kiti tena.

Basi tumeona njia mbili. Ile ya kwanza ilimfunga kiongozi kamba ya jimbo mguuni. Ya pili ilimkata kamba, na akianguka hakuna kitu cha kumdaka. Katika ya kwanza nchi inaweza kumkosa mtu inayemtaka kwa sababu ya jimbo moja. Katika ya pili mamilioni wanabaki bila sauti kwa miaka mitano. Mimi sina uhakika kwamba kuna sheria itakayomaliza kabisa mvutano huu, kwa maana hautoki katika sheria. Unatoka katika ukweli kwamba mtu ni mmoja na siku ina saa 24.

Lakini yako mambo ambayo chama chochote kinaweza kuyafanya bila kusubiri sheria. Kwanza, mwenyekiti na mgombea urais wasiwe lazima mtu mmoja. Pili, kila kiongozi mkubwa awe na mtu wa pili jimboni, anayejulikana kwa wananchi kabla ya kampeni kuanza, si jina linalotajwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Tatu, madiwani wapewe heshima yao. Wao hawana nchi ya kuzunguka. Wako hapohapo masika na kiangazi.

Na hapo narudi kwenye daraja. Lilijengwa, ndugu wasikilizaji, ingawa ilichukua miaka. Aliyelifuatilia halmashauri, kikao baada ya kikao, ni diwani wa kata ambaye hata mimi jina lake sikulijua mpaka mjomba aliponiambia. Siku ya kulifungua, mheshimiwa mbunge alifika na msafara, akakata utepe, akahutubia, akaondoka kabla chakula hakijaiva.

Uchaguzi uliofuata alipokuja kuomba kura, mjomba wangu aliinua mkono. Alikuwa mzee sana wakati huo, na watu wakanyamaza. Akasema: "Mheshimiwa, sisi hatukukatazi kwenda kuitafuta nchi. Nchi ni yetu sote. Tunauliza tu: ukienda, hapa unatuachia nani?"

Mheshimiwa alicheka, akamsifu mzee kwa hekima, akaendelea na hotuba yake. Jibu hakulitoa. Kura zilipohesabiwa, kijiji kile kilimpa diwani kura nyingi kuliko kilizompa mbunge.

Nami nawaachia swali hilohilo la mjomba. Safari ijayo mkubwa wa chama chochote, kikubwa au kidogo, akija kwenu kuomba kura, mpigieni makofi, mpeni maji ya kunywa, kisha muulizeni.

Hadi wiki ijayo, nawatakia kila la heri.